Mume wangu yuko mwaka wa pili akitafuta kazi: tusubiri hadi lini?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Tanga pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja yuko darasa la sita na mwingine darasa la pili. Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu niliyopanga karibu na nyumbani, na kwa sasa humo ndimo kunamotoka chakula, kodi na mahitaji ya shule. Nimeamua kukuandikia kwa sababu jambo linalonisumbua siwezi kulipeleka kwa ndugu zangu wala kwa mawifi zangu bila kumvunjia mume wangu heshima, na kila ninapojaribu kulizungumza naye mwenyewe, mazungumzo huishia njiani.

Mume wangu ana miaka 38 na stashahada ya ununuzi na ugavi. Alikuwa mtunza ghala katika kiwanda kimoja kwa miaka tisa, hadi kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, sasa ni mwaka mmoja na miezi minne. Hakufukuzwa kwa kosa. Walipunguzwa wengi kwa pamoja. Alilipwa kiinua mgongo chake, na baadaye akapata fao la upotevu wa ajira kutoka NSSF, ile theluthi ya mshahara inayolipwa kwa miezi sita. Fedha hizo zilitusaidia sana, lakini zimekwisha.

Miezi ya mwanzo alitafuta kwa bidii ambayo hakuna awezaye kuilaumu. Alipeleka barua viwandani, bandarini, hospitalini na kwenye mashirika, akajisajili pia katika mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira ya serikali. Huko aliitwa, akapita usaili wa mchujo, akaenda Dodoma kwa mahojiano na kufaulu, ila nafasi zilikuwa chache kuliko waliofaulu, hivyo jina lake likawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Tangu hapo amekuwa mtu wa kusubiri simu. Tukipanga jambo lolote la mbele, yeye husema tungoje kwanza tuone.

Sasa kaka yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi Korogwe. Mtu aliyekuwa akimsimamia ghala ameondoka, naye amemwomba mume wangu ashike nafasi hiyo kwa shilingi 300,000 kwa mwezi pamoja na chumba cha kulala. Kiwandani alikuwa akipata zaidi ya mara mbili ya hizo. Mume wangu amekataa. Anasema akiingia huko waajiri watamwona mtu wa dukani, na siku atakapoitwa serikalini atashindwa kuondoka vizuri kwa sababu mwenye duka ni shemeji yake. Kaka yangu amesema ataiacha nafasi hiyo wazi hadi mwisho wa mwezi ujao, kisha atatafuta mtu mwingine.

Lipo jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Hivi karibuni nilikwenda steshenari kutoa nakala za vyeti vya mtoto, na kijana wa pale akaniuliza kwa wema kabisa kama shemeji amekwisha kupata kazi, kwa kuwa hajamwona akija kuchapa barua tangu mfungo. Mume wangu bado huondoka asubuhi akiwa amebeba faili lake, na hurudi jioni. Sijui anakwenda wapi. Sina sababu ya kushuku mwanamke wala ulevi. Najua tu kwamba ananiambia anatafuta kazi, na inaonekana hatafuti tena.

Mama, naomba uniambie kwa kawaida mtu hutafuta kazi kwa muda gani hadi aipate. Majirani husema mwenye nia hakosi kazi mwaka mzima, nami nimeanza kufikiri vivyo hivyo, jambo linalonitia aibu. Je, ameingia uvivu? Nimshinikize akubali kazi ya kaka yangu, au niendelee kubeba nyumba hadi simu hiyo ipigwe? Na nimweleze ninachokijua au ninyamaze?

Msomaji wako, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kulibeba jambo hili muda wote huo bila kuwa na wa kumweleza.

Nimeisoma barua yako kwa utulivu, nami naona mambo yamefungana: mume aliyepoteza kazi bila kosa lake, nafasi ya Korogwe yenye tarehe ya mwisho, habari uliyoisikia steshenari ukaiweka moyoni, na juu ya yote hayo swali la muda, ambalo majirani wamekujibia kabla hujamuuliza mtu. Nitaanza na la muda, kwa sababu jibu la majirani limekwisha kuingia katika namna unavyomtazama mume wako.

Hakuna muda mmoja wa kawaida, na hili silisemi ili kukupoza. Chukua mfano wa Marekani, ambako kila mwezi maelfu ya kaya huulizwa nani hana kazi na ameitafuta kwa wiki ngapi. Miaka ambayo uchumi wao unakwenda vizuri, nusu ya watafuta kazi huwa hawajavuka wiki kumi hivi. Ulipokuja mtikisiko ulioanza mwishoni mwa 2007, kipimo hicho hicho kilipanda hadi kufikia wiki 25 hivi katikati ya 2010, na wastani, ambao huvutwa juu na wale waliokaa muda mrefu zaidi, ukafika wiki 40 hivi mwaka 2011. Wafanyakazi wa nchi ile hawakupoteza nia ndani ya miaka mitatu. Nafasi zilipungua, na waliokuwa wakizigombea wakaongezeka. Ukimhukumu mtu kwa idadi ya miezi tu, bila kuuliza nafasi za kazi yake ni ngapi mahali anapoishi, utakuwa umempima kwa kitu kisichokuwa mikononi mwake.

Hapa Tanzania hatuna hesabu ya kila mwezi. Utafiti wetu mkubwa wa nguvukazi hufanyika kwa kupisha miaka kadhaa. Ulifanyika mwaka 2006, kisha 2014, kisha 2020/21. Kwa hiyo jirani anayekuambia kwamba mwaka mmoja unamtosha kila mwenye nia hakulitoa jambo hilo kwenye hesabu yoyote. Amelitoa kwa watu anaowakumbuka, nao wanaokumbukwa zaidi ni wale waliopata kazi haraka, kwa kuwa habari zao husimuliwa kwa furaha. Anayetafuta kwa miaka miwili hana habari ya kusimulia, hukaa kimya, na watu humsahau.

Sitakuficha kwamba miezi 16 ni mingi. Wataalamu wa masuala ya kazi huuita muda wa miezi 12 na zaidi ukosefu wa ajira wa muda mrefu, na wameutenga kwa jina lake kwa sababu mtu aliyefika hapo hukutana na matatizo ambayo aliyeanza kutafuta jana hana: akiba imekwisha, waliomfahamu kazini wamehama, na yeye mwenyewe amechoka. Hapo kwenye uchovu ndipo ninapotaka tuitazame upya habari ya steshenari.

Umeisikia, ukajiuliza kama ni uvivu. Mimi nauliza kama huenda kuna maelezo mengine. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwafuatilia maelfu ya watu wasio na kazi katika jimbo la New Jersey huko Marekani, wiki baada ya wiki, wakiwauliza wanatumia saa ngapi kutafuta. Walikuta kwamba mtu yule yule, kadiri wiki zinavyokwenda, hupunguza muda anaoutumia kutafuta. Huo ndio mwendo wa wengi, hata wa wale walioanza kwa bidii kubwa, kwa kuwa kila barua isiyojibiwa hufanya ya pili iwe nzito kuandika. Addis Ababa nako, watafiti waliwapa vijana wasio na kazi nauli ya basi tu, ili wafike mjini mahali nafasi zinapobandikwa, na waliopewa nauli waliendelea kutafuta zaidi kuliko wasiopewa. Hapo nilifikiri juu ya mume wako. Kila ombi lina gharama yake: nakala, wakili wa kuthibitisha vyeti, vocha, nauli, na akiitwa Dodoma kuna malazi. Tangu fedha za NSSF zilipokwisha, gharama hizo zinatoka kwenye cherehani yako. Je, inawezekana kwamba aliacha kuchapa barua kwa sababu hakutaka kukuomba fedha tena? Sijui kama ndivyo, nawe hujui bado, na ndiyo maana ningependa swali hilo lije kabla ya neno uvivu.

Katika jambo hili hesabu ya kwetu naiona ina utu. Kwa kipimo cha kimataifa, asiyekuwa na kazi ambaye hakutafuta ndani ya wiki nne zilizopita haingii katika hesabu ya watafuta kazi. Kipimo cha kitaifa cha Tanzania humhesabu pia asiye na kazi aliye tayari kufanya kazi, hata kama ameacha kuzunguka. Mume wako anayebeba faili kila asubuhi, kwa maoni yangu, bado yumo katika kundi la wanaoitaka kazi. Alichokiacha ni kuzunguka. Sijaona dalili kwamba ameacha kuitaka.

Tuje kwenye kazi ya Korogwe. Umeieleza kana kwamba woga wa mume wako ni kisingizio, lakini sehemu ya woga huo ina msingi, nami nisingependa uupuuze. Upo utafiti wa Marekani ambamo watafiti walituma kwa waajiri maombi ya kubuni ya wanawake wasomi kwa kazi za ofisini. Wale walioandikiwa kwamba kwa sasa wameshika kazi ya muda ya ngazi ya chini waliitwa mara chache kuliko wenzao wasio na kazi kabisa. Kwa hiyo si kila kazi ya kujishikiza humfurahisha mwajiri. Upande wa pili, watafiti wengine wa huko huko walituma maombi ya kubuni yapatayo 12,000 kwa nafasi zipatazo 3,000, wakabadilisha tu muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Walioitwa walipungua kadiri muda ulivyorefuka, ila karibu anguko lote lilitokea ndani ya miezi minane ya mwanzo, na katika miji yenye wengi wasio na kazi waajiri hawakuujali sana urefu huo. Matokeo hayo ni ya Marekani na ajira zetu hupatikana kwa njia nyingine, lakini yananifanya nione kwamba huenda madhara ya kukaa bila kazi, kwa upande wa waajiri, yamekwisha kumpata mume wako, na kwamba mwezi wa 17 hautamwongezea mengi. Hilo linawapunguzia haraka. Haliwaondolei tatizo la chakula.

Kuna jambo ambalo huenda nyote wawili hamjalitazama vizuri. Mume wako ni mtu wa ugavi, na kazi anayoitiwa ni ya ghala. Kupokea saruji na nondo, kuhesabu mali, kuandika leja, kuagiza kabla bidhaa hazijakwisha, kushughulika na wasambazaji: hayo ndiyo aliyosomea. Tofauti ipo kubwa kati ya kuandika kwenye wasifu kwamba alikuwa dukani kwa shemeji na kuandika kwamba alisimamia ghala la vifaa vya ujenzi na kuweka kumbukumbu zake, na yote mawili yatakuwa kweli iwapo kazi itafanywa hivyo na kaka yako akakubali kumpa barua ya ajira na cheo. Isitoshe, atakuwa kati ya watu. Uchunguzi uliochapishwa miaka ya 1970 kuhusu mji wa Newton, karibu na Boston huko Marekani, ulionyesha kwamba wengi waliopata kazi kupitia mtu waliipata kupitia mtu wanayemfahamu kwa mbali, wala si kupitia ndugu au rafiki wa kila siku. Madereva wa malori, mawakala wa viwanda na wakandarasi wanaopita kwenye duka la vifaa ni watu wa aina hiyo hasa, na anaposhinda asikojulikana na faili lake hakutani nao.

Pamoja na hayo, hatari za Korogwe usizifiche chini ya mkeka. Shemeji akiwa tajiri wa shemeji yake, mfuko mmoja wa saruji ukipotea huwa ni kesi ya ukoo, na wewe ndiye utakayesimama katikati. Mume wako atalala Korogwe, watoto watamwona mwisho wa wiki, na kati ya shilingi 300,000 zitatoka nauli zake na chakula chake cha huko, kwa hiyo kitakachofika Tanga ni kidogo kuliko kinavyoonekana. Na hofu yake ya kushindwa kuondoka vizuri ni ya mtu muungwana. Inaweza kupunguzwa ikiwa watakaa wenyewe wawili na kuandikiana mapema: ataondoka kwa taarifa ya muda gani, ataruhusiwa siku za usaili, mali itahesabiwa lini na mbele ya nani. Kwa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, kwa mfano, kila mmoja angepata mlango wa kutokea bila kuvunja undugu. Hata hivyo, majaribio yakishindwa, kumbukumbu zake hubaki katika familia, na wewe unawafahamu watu wako kuliko mimi.

Kuendelea kusubiri nako ni njia, nami siikatai. Kufaulu mahojiano ya Dodoma si jambo dogo, na walio kwenye kanzidata hupangiwa kazi kweli nafasi zinapopatikana. Matangazo ya utumishi wa umma kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45, kwa hiyo akiwa na 38 mlango haujafungwa. Ninachokiuliza ni kama kanzidata imekuwa sababu ya kuacha mengine yote. Jina lililohifadhiwa halimpi mtu tarehe, na wala halimzuii kuomba nafasi mpya zinapotangazwa. Kama mtasubiri, ningependa mjue mnasubiri kwa fedha ipi. Hukunieleza hali ya fremu yako. Je, unalipa kodi ya nyumba kutoka kwenye faida, au umeanza kula mtaji wa vitambaa? Jibu la swali hilo litawaonyesha muda mlio nao vizuri zaidi kuliko takwimu za nchi yoyote, na ni swali ambalo mume wako, aliyeishi kwa kuhesabu mali, anaweza kulifanyia kazi pamoja nawe bila kujiona anahukumiwa.

Kati ya njia hizo mbili kuna vijia vingine. Maduka ya dawa, ya vipuri na ya jumla hapo Tanga huhitaji mtu wa kuhesabu mali na kupanga leja mwisho wa mwezi, na wengi wenye maduka hawawezi kumwajiri mtu wa kudumu. Malipo yake hayatabiriki, na kulipwa kwa kuchelewa ni jambo la kutegemewa, lakini kazi hiyo ingemwacha nyumbani na ingeendana na cheti chake. Jambo moja tu ningewaomba mlikwepe katika kipindi hiki cha uchovu: mtu yeyote atakayedai fedha ili jina litolewe kwenye kanzidata au ili barua ya kazi ipatikane. Waliokaa muda mrefu bila kazi huandamwa sana na watu wa namna hiyo.

Sasa kuhusu kumwambia au kunyamaza. Ukinyamaza, utaendelea kumwona akitoka na faili huku ukijua, na hasira itakua ndani yako hadi itoke siku mbaya, pengine mbele ya watoto. Tena kijana wa steshenari anaweza kumwambia kwamba mlizungumza. Ukianza na habari hiyo, anaweza kusikia kwamba umempeleleza, akajifunga zaidi. Labda upo mlango mwingine wa kuingilia: "Baba watoto, naona miezi imekuwa mirefu, na sijawahi kukuuliza inakuwaje huko unakokwenda, leo nataka unieleze, na mimi nikueleze fremu inakwendaje." Akipata nafasi ya kusema mwenyewe kwamba aliacha kutuma barua, litakuwa limetoka kwake. Asiposema, bado utaweza kumweleza ulichokisikia, kwa upole na wakati mkiwa wawili. Na umsikilize hali yake pia, usingizi wake, hamu ya kula, maneno ya kukata tamaa. Ukisikia jambo la kukutisha, daktari au kiongozi wa dini anayemheshimu aitwe mapema, kabla ya habari za kazi.

Nakuuliza na wewe, mwanangu: kinachokuchosha ni urefu wa muda, au ni kwamba uamuzi wa kusubiri ameufanya peke yake huku gharama yake ukiilipa wewe? Ukiusoma upya mstari wako kwamba "mazungumzo huishia njiani", utaona kwa nini nauliza. Kama ni hilo la pili, hata akikubali Korogwe kesho kwa kusukumwa, huenda uchovu wako ukabaki palepale, na akiitwa serikalini vilevile. Ni wewe unayeweza kulijibu, na huna haja ya kulijibu kwa haraka.

Kuhusu tarehe ya kaka yako, ungeweza kumwomba azungumze na mume wako yeye mwenyewe, amweleze kwamba ghala lake linahitaji mtu mwenye ujuzi na kwamba hamtafutii shemeji yake pa kujishikiza, kisha wewe utoke katikati usiwe mjumbe wa yeyote. Kabla ya hapo, muulize kama mwisho wa mwezi ujao unaweza kusogezwa kwa wiki chache, ili nyinyi wawili mpate kwanza kuziweka mezani hesabu za fremu.